Juu ya kijito chetu hakuna kiwanda, mbona kila mvua kinageuka tope na mafuta?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu. Nyuma ya nyumba zetu kunapita kijito. Kiangazi maji yake ni maangavu, unaona mpaka kokoto za chini. Mvua ikinyesha nusu saa tu yanakuwa ya kahawia, yana povu, na juu kuna utando wa rangi rangi kama mafuta. Mvua ya kwanza ya msimu huu samaki wadogo walielea. Huko juu tumezunguka, hakuna kiwanda hata kimoja. Tumeshauriwa tukijengee kijito kwa zege chini na pande zote ili maji yapite haraka. Je, uchafu huu unatoka wapi? Zege litasaidia? Na sisi wenyewe, bila mitambo, tunaweza kufanya nini?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa hao samaki.

Nianze na zege, maana ndilo linaloweza kuwaponza mapema. Msikubali. Zege haliondoi uchafu wowote, linaupa tu njia ya kufika haraka kwa jirani wa chini. Nitalirudia. Kuhusu unakotoka, mmetafuta kiwanda kimoja mkakikosa, na kumbe mna viwanda vidogo mamia. Kila paa, kila uwanja uliosakafiwa, kila kipande cha barabara, kila shamba lililolimwa kufuata mteremko ni bomba la kumwaga uchafu kijitoni, ila halina jina la mwenyewe. Kwa hiyo kazi yenu haiko mtoni. Iko huko juu, pale tone linapoangukia.

Tufanye hesabu kidogo. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 25 linapokea lita 2,500. Palipokuwa na kichaka, sehemu kubwa ya maji hayo ingenaswa na majani na kunywewa na udongo, na yaliyobaki yangefika kijitoni taratibu, yakipita chini kwa chini huku yakichujwa. Sasa pana bati, na karibu yote yanateremka ndani ya dakika chache. Nyumba 200 za namna hiyo ni lita nusu milioni, na bado hujagusa barabara. Tangu miaka ya 1990 watu wanaochunguza mito ya mijini wanarudia jambo hili: eneo linalolisha kijito likishafunikwa na paa, lami na zege kwa asilimia 10 hivi, wadudu wa majini wasiostahimili uchafu huanza kutoweka. Likipita asilimia 25, kijito kwa kawaida kimeshaharibika waziwazi. Wengine wameona madhara hata kabla ya hiyo 10.

Msijilaumu kwa kutafuta kiwanda kwanza. Marekani walifanya hivyo hivyo. Sheria yao ya Maji Safi ya mwaka 1972 ilianza na mabomba ya viwanda na ya majitaka. Kati ya 1978 na 1983 ndipo wakapima kwa mpango mmoja maji ya mvua yanayotoka mitaani, katika miji mbalimbali, wakakuta risasi, shaba na zinki ndani ya maji ambayo watu waliyaita ya mvua tu. Mwaka 1987 sheria ikabidi irekebishwe ili iyaguse na hayo.

Sasa mjionee wenyewe. Mvua ijayo, chukua chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana, usimame pale mtaro wa barabara unapomwagia kijitoni (pasipoteleza, tafadhali, na usiingie majini). Kinga chupa ya kwanza mtaro unapoanza tu kutiririka. Ya pili baada ya robo saa. Ya tatu baada ya saa nzima, mvua ikiwa bado inaendelea. Ziandike namba, uziweke dirishani, asiziguse mtu.

Ndani ya dakika moja hivi utaona mchanga umeshakaa chini. Baada ya saa moja au mbili utaona tabaka la pili juu ya mchanga, laini, la kijivu au la kahawia. Kesho yake, ikiwa maji ya juu bado yana ukungu, huo ni udongo wa mfinyanzi, na huenda ukachukua siku kadhaa kuzama. Hapo ndipo wanaojenga bwawa la kutuamishia maji wanapokosea: bwawa dogo linanasa mchanga vizuri, lakini mfinyanzi unapita juu kwa juu, na mfinyanzi ndio unaobeba sehemu kubwa ya uchafu mwingine. Chembe zake ni ndogo mno, na fosforasi (ile ya kwenye mbolea), metali na hata bakteria hujishika kwenye chembe hizo. Ukizuia tope laini umezuia mengi usiyoyaona.

Halafu linganisha chupa zenyewe. Mara nyingi ya kwanza ni nyeusi kama maji yaliyooshewa masizi, na ya tatu ni nyepesi zaidi. Hapo maana yake uchafu ulikuwa umejikusanya wakati wa ukavu: vumbi la breki na matairi, matone ya oili, kinyesi cha wanyama, takataka zilizosagika. Mvua ikaukumba wote kwa mkupuo mmoja, ukaisha. Ndiyo maana mvua ya kwanza ya msimu huwa mbaya kuliko zote. Lakini kama chupa ya tatu ni ya kahawia sawasawa na ya kwanza, basi huko juu kuna udongo ulioachwa wazi. Vumbi la barabarani huisha, ila udongo ulio wazi hauishi mpaka mvua ikatike. Tofauti hiyo ishikeni, maana ndiyo itakayoamua mnaanzia wapi.

Ule utando wa rangi rangi msiuhukumu haraka. Chukua kijiti uuchokoe. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande visirudi kuungana, hayo si mafuta ya gari. Ni bakteria wanaoishi kwa madini ya chuma kwenye maji yaliyotuama, na hawana neno. Ukizunguka kijiti na kufunga tena nyuma yake, hayo ni mafuta kweli, na yafuateni juu mtaro kwa mtaro. Povu nalo lina aina zake. La rangi ya kahawia linalonuka udongo na kujikusanya kwenye kona za kijito mara nyingi hutokana na majani yaliyooza. Jeupe, lenye harufu ya marashi, ni sabuni ya mtu.

Kuhusu samaki, sababu ya kawaida ni oksijeni. Mvua ya kwanza inasomba vitu vilivyooza kwenye mitaro, bakteria wanavishambulia, na katika kazi hiyo wanatumia oksijeni ya maji mpaka samaki wanakosa. Ukiwaona wanahema juu ya maji kabla ya kufa, mshuku hilo. Lakini kuna kisa kimoja kinachonifanya nisimalizie hapo. Katika vijito vya eneo la Seattle, Marekani, samaki aina ya samoni, wale wanaoitwa koho, walikuwa wakipanda kutoka baharini kwenda kutaga. Mvua ikinyesha wanapotea mwelekeo, wanazunguka, wanakufa na mayai tumboni. Metali zilipimwa, dawa za mashambani zikapimwa, na hakuna kilichotosha kueleza vifo vile. Mwishoni mwa 2020 watafiti wakachapisha jibu: ni matairi. Mpira wa tairi hutiwa kemikali iitwayo 6PPD ili usipasuke haraka. Kemikali hiyo ikikutana na gesi ya ozoni iliyo hewani hugeuka kuwa nyingine, 6PPD-kwinoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Tairi linapolika barabarani, vumbi lake linabaki likisubiri mvua. Si kila samaki anadhurika kiasi hicho, lakini ona jambo lilivyo: muuaji hakuwa na bomba, wala kiwanda, wala mtu wa kushtakiwa.

Na sehemu ya kisa hicho ninayoipenda ni hii. Hata kabla hawajaijua kemikali yenyewe, watafiti walikuwa wameshaona kwamba maji yale yale ya barabarani, yakipitishwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, hayawaui tena koho. Walilipata jibu kabla ya kumjua mshtakiwa. Kwa hiyo na ninyi hamna haja ya maabara ili muanze.

Turudi kwenye zege sasa. Maji yakipita kwenye kitanda cha mawe, mizizi na kona, yanapoteza nguvu. Kwenye zege laini lililonyooka hayapotezi, yanaongeza mwendo. Pale zege linapoishia, kasi ile inaanza kuchimba kingo, na kingo zinazobomoka ni tope jipya, pengine zaidi ya lile mlilolikimbia. Juu ya hilo mnapoteza mimea na vijidudu vinavyosafisha maji bila mshahara, na maji yanakosa mahali pa kuzama wakati wa mvua ili yarudi kijitoni kidogo kidogo wakati wa ukavu. Waliojenga hivyo zamani wengine wanabomoa. Singapore, kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, mfereji wa zege ulionyooka wa kilomita 2.7 wa mto Kallang uling'olewa ukageuzwa kuwa mto wenye kona na nyasi wa kilomita 3.2, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Walioutengeneza walitumia mimea na mawe kushikilia kingo, na mvua kubwa zikija mto una nafasi ya kutanuka ndani ya bustani badala ya kuingia majumbani mwa watu. Nanyi mkisukumwa mjenge, ombeni zege libaki pale tu ambapo nyumba au daraja liko hatarini.

Basi mfanye nini? Kazi ya kwanza kabisa ifanyeni siku ambayo hakuna mvua. Subirini siku tatu kavu, kisha mkitembee kijito chote mkiandika kila bomba na kila mtaro unaoingia. Mtaro wa maji ya mvua hauna sababu ya kutiririka siku kavu. Ukitiririka maji baridi, maangavu, yasiyo na harufu, huenda ni chemchemi, uacheni. Ukitiririka maji ya kijivu yenye utelezi kama kamasi juu ya mawe, kuna bafu au tangi la choo limeunganishwa humo. Nimeona kamati zikipanda miti mwaka mzima huku bomba moja la namna hiyo likiharibu kila kitu. Tena wapo wanaosubiri mvua inyeshe ndipo wafungulie shimo la choo liende na maji, wakidhani hakuna anayejua. Anayekaa bonde la chini anajua. Hilo si la bustani wala miti, ni la kwenda kuzungumza na mwenye nyumba, na ikishindikana, na idara ya afya.

Kisha udongo ulio wazi. Kama kuna nyumba inajengwa huko juu, anza hapo kabla ya kingine chochote. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inakadiria kwamba eneo la ujenzi hutoa tope mara 10 hadi 20 kuliko shamba la kawaida, na mara 1,000 hadi 2,000 kuliko msitu. Kiwanja kimoja kinaweza kukishinda kitongoji kizima. Dawa yake ni rahisi hadi inakera: mwenye kujenga asifyeke kiwanja chote siku moja, afyeke anapojenga tu. Lundo la mchanga na udongo likae mbali na mtaro na lifunikwe jioni. Udongo uliokwisha kusawazishwa utandazwe nyasi kavu au majani siku ileile, usisubiri nyumba iishe. Pale malori yanapotokea pamwagwe kokoto nene ili matairi yaache tope ndani badala ya kulisambaza barabarani. Wale wanaoweka uzio wa turubai au magunia kuzuia tope, wengi wanausimamisha juu ya ardhi tu, na maji yanapita chini yake yakicheka. Upande wa chini ufukiwe kwenye kijifereji cha kina cha sentimita 15 na kushindiliwa, na uzio wote ufuate usawa wa kilima, usishuke nacho.

Palipo na korongo au mtaro wa udongo unaochimbika, wekeni vizuizi vidogo vya mawe kukatiza mtaro. Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, kwa sentimita 15 hivi, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kula ukingo. Na umbali kati ya kizuizi na kizuizi unaamuliwa na mteremko: kilele cha kile cha chini kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Ukichuchumaa nyuma ya kile cha chini, jicho likiwa usawa wa kilele chake, na kutazama mbele bila kuinua wala kushusha macho, uone pale mawe ya kile cha juu yanapogusa ardhi. Mkiviweka mbali zaidi ya hapo, katikati patachimbika.

Sasa maji ya paa. Lengo ni moja: bomba la gata lisikutane na mtaro wa barabara. Yakielekezwa kwenye nyasi au bustani, umeshapunguza maji yanayosukuma uchafu wa barabarani, hata kama ya paa yenyewe ni masafi. Matangi ni mazuri, lakini tangi lililojaa halimsaidii mto kwa chochote. Mvua ya leo ikilikuta limejaa jana, yote inamwagika. Mtu mwenye tangi alitumie kati ya mvua na mvua, na maji ya kufurika yaende kwenye bustani, si mtaroni.

Bustani yenyewe ndiyo ninayotaka kuieleza kwa utulivu, maana watu wengi huita bustani ya mvua kitu ambacho ni shimo tu. Wazo lake katika sura hii ya kisasa lilikuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kaunti ya Prince George's, Maryland, Marekani: badala ya kukimbiza maji, unayakusanya kwenye bonde dogo lenye mimea, yanazama, udongo unachuja. Leo miji mikubwa inaitegemea kazi hiyo. Jiji la Philadelphia, hukohuko Marekani, mwaka 2011 lilianza mpango wa miaka 25 unaotegemea zaidi udongo na mimea kuliko mahandaki mapya ya maji.

Kabla ya kuchimba bonde, pima udongo. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 30 hivi, ujaze maji, uyaache yazame yote ili udongo ushibe. Jaza tena, chomeka rula, urudi baada ya saa moja. Maji yakishuka sentimita 2 au 3, ni mahali pazuri. Yakishuka chini ya sentimita moja, udongo ni mzito. Bonde liwe pana na la kina kidogo, au tafuteni pengine. Ukubwa ni hesabu tu. Bonde la kina cha sentimita 15 linalopokea lita 2,500 za lile paa letu linahitaji mita za mraba 17 hivi. Nafasi hakuna? Milimita 10 za kwanza za mvua kwenye paa hilo ni lita 1,000, na mita za mraba 7 zinatosha kuzimeza. Mkiweza hata hizo tu mmefanya kazi kubwa, kwani huo mwanzo ndio mchafu kuliko wote, na mvua nyingi za mwaka hazivuki hapo.

Jazeni bonde mchanga mwingi uliochanganywa na mboji. Mboji isizidi, maana ikizidi yenyewe huvuja fosforasi, na mtakuwa mnapeleka mbolea mtoni kwa jina la usafi. Mimea iwe ya asili ya hapo, yenye mizizi mirefu, inayovumilia kulowa siku mbili na kukauka mwezi. Maji yanapoingilia wekeni mawe ili yasichimbe, na pawe na mahali palipopangwa pa kufurikia. Bonde likae angalau mita tatu kutoka ukuta wa nyumba, mbali na kisima na mbali na shimo la choo. Na maji ya gereji au kituo cha mafuta yasizamishwe ardhini hata kidogo. Hayo ni ya kukusanywa na kutibiwa.

Mbu? Najua mtaulizwa kwenye mkutano. Mbu anahitaji wiki moja hivi, mara nyingi zaidi, kutoka yai hadi kuruka. Bonde lililotengenezwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili. Likibaki na maji siku ya tatu, limeziba.

Kuziba nako nimejifunza kwa gharama. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilisimamia bustani tatu za mvua, nikazimaliza mapema ili picha zitoke vizuri, wakati viwanja viwili vya juu yake bado vinachimbwa misingi. Mvua mbili tu. Tope laini likatanda juu ya mchanga wangu kama lipu, maji yakasimama kama kwenye beseni, na mimea ikaoza. Tulikwangua na kuanza upya. Tangu hapo siruhusu bonde lifunguliwe kupokea maji mpaka udongo wa juu yake uwe umeshika nyasi.

Ukingoni mwa kijito acheni ukanda wa mimea. Mita 10 kila upande ni jambo jema sana, 30 ni bora zaidi, na hata 5 si bure. Ila ukanda unachuja maji yanayoingia yakiwa yametandaa. Yakishajikusanya kwenye kijimfereji kimoja yanapita katikati ya nyasi bila kuziona. Tembeeni humo mvua ikinyesha, mkiona vijimfereji hivyo vitandazeni kwa safu ya mawe. Nyasi ndefu na vichaka hushika ukingo kuliko nyasi zilizokatwa fupi kama zulia.

Barabarani ni kazi ya fagio. Majani makavu watu huyaona si uchafu, lakini yakilowa kwenye lami yanatoa fosforasi kama majani ya chai yanavyotoa rangi, na fosforasi hulisha mwani. Mjini Madison, Wisconsin, wachunguzi wa USGS, shirika la serikali ya Marekani la jiolojia na maji, walilinganisha mtaa uliokuwa ukisafishwa majani mara kwa mara wakati wa kupukutika na mtaa ulioachwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha fosforasi yote kwenye maji ya mvua ikipungua kwa asilimia 84. Siri ni kufagia kabla ya mvua na kuzoa, si kusukumia mtaroni. Oili ikimwagika, mwageni mchanga au pumba za mbao, fagieni, wekeni kwenye chombo kinachofungwa. Mkipiga maji mmeihamishia kijitoni. Gari lioshwe juu ya nyasi. Mbolea isiwekwe wakati wingu limeshafunga.

Kuna mengine yamewazidi kimo, na si aibu kuyaacha kwa wenye mamlaka. Shaba ya kwenye breki, kwa mfano, hakuna fagio linaloimaliza. Majimbo ya California na Washington yalipitisha sheria mwaka 2010 za kuipunguza kwenye breki zenyewe. Jiji la Austin, Texas, lilikataza kuanzia 2006 kupaka viwanja vya kuegeshea magari rangi ya kuziba lami iliyotengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, na kemikali zake zikapungua kwenye tope la ziwa la jiji. Mkiandika barua kwa wakubwa, ombeni mambo ya aina hiyo badala ya zege.

Mwisho, tope mtakalozoa kwenye vizuizi na mabonde. Kila mwaka nakutana na lundo limemwagwa kwenye ukingo uleule, likisubiri kurudi. Zoeni kabla ya msimu wa mvua, si baada yake. La kutoka mashambani lirudi shambani, mbali na ukingo. La kutoka barabarani na karibu na gereji lisiwekwe panapolimwa chakula. Liende dampo, likiwa limekauka na kufunikwa njiani.

Chupa zikishatulia dirishani, niandikie rangi ya ile ya tatu. Hiyo ndiyo itakayoniambia kama mwanze na jembe huko kwenye viwanja au na fagio barabarani.